Kichupa cha IL-2 kimefika Dar, usikifungue kwanza

Dogo mmoja wa masta alikuja mezani kwangu ameshika kichupa kimeshafunguliwa, uso umemshuka, "shikamoo kaka, hawa watu wametutapeli, humu hamna kitu". Nikakiinua kwenye taa, na kweli ukikitazama hivihivi utaapa ni kitupu. Nikamuuliza kofia yake iko wapi. Keshaitupa. Basi bwana, zile maikrogramu 50 kuna uwezekano mkubwa zilikuwa zimenata kwenye kofia, na hela ya kile kichupa ukijumlisha na kusafirisha ungelipa chumba Sinza miezi kadhaa.

Ndo naandika hii kwa yeyote anayefanya kazi labu hapa Dar, awe Muhimbili, Mlimani au kwingine, anayesubiri saitokini yake ya kwanza, yaani zile protini ambazo seli za kinga zinatumiana ujumbe. Mfano wangu ni intalyukini 2, IL-2, manake ndo naulizwa sana na ndo msumbufu kwenye kuyeyuka, ila pale nyingine zinapotofautiana nayo nitasema.

Umeshika nini

IL-2 ni ujumbe ambao seli T, aina ya seli za kinga, zinatoa na zenyewe zinausikia, ukifika zinaanza kugawanyika. Mwaka 1976 watu wa labu ya Robert Gallo kule Marekani ndo walionyesha kwamba kuna kitu kwenye maji ya kuoteshea seli kinachofanya seli T za binadamu ziendelee kuota nje ya mwili, na 1983 Tadatsugu Taniguchi na wenzake huko Japani wakaipata jeni yake. Toka hapo hakuna tena habari ya kuikamua kwenye seli za watu, jeni inapandikizwa mara nyingi kwa bakteria E. coli, bakteria wanaifyatua, kiwanda kinaisafisha na kuikausha kwa baridi mpaka inabaki unga mwembamba usioonekana. Hiyo ndo maana ya rekombinanti. Ya binadamu ina asidi amino 133 na uzito wa kama kilodaltoni 15.5, hii ya bakteria haina ile sukari ya pembeni iliyopo kwenye ya mwilini lakini kazi inafanya. Cha kukumbuka ni kwamba haipendi maji, inapenda kunata kwenye plastiki na kujikusanya yenyewe kwa yenyewe, na karibu kila kitu nitakachosema huko chini kinatokana na tabia hiyo moja.

Halafu hii niseme mapema. Shangazi yangu wa Temeke aliposikia nashughulika na protini ya kinga akataka nimletee kidogo, eti mwili umechoka. Ile karatasi inayokuja na kichupa imeandikwa kwa utafiti tu na ina maana hiyo hiyo. IL-2 ya hospitali ipo, Marekani waliiruhusu 1992 kwa saratani ya figo, na kwa dozi kubwa inafanya mishipa ivujishe maji, presha inashuka, mgonjwa analazwa anaangaliwa saa zote. Ya labu haijatengenezwa hata kwa viwango hivyo. Haiingii kwenye mwili wa mtu, imeisha hiyo.

Kabla hujatuma oda

Soma uone kama unataka ya binadamu kweli. IL-2 ya binadamu inafanya kazi hata kwenye seli za panya, lakini usidhani saitokini zote ziko hivyo, IFN-gama (intaferoni gama, saitokini nyingine) ya binadamu ukiiweka kwa seli za panya hazikusikii kabisa, na mtu anaweza kupoteza muhula mzima hapo.

Pili uliza kama ina albumini iliyochanganywa au haina. Kwa kuoteshea seli chukua yenye albumini, inasaidia protini isinate kwenye tyubu na inadumu zaidi. Isiyo na albumini chukua tu kama unaenda kuifunga rangi au albumini yenyewe itakuharibia kipimo.

Tatu angalia endotoksini. Hii imetoka kwa bakteria, kwahiyo mabaki ya ukuta wa bakteria yanaweza kuwepo, wauzaji wazuri wanaandika chini ya yuniti 1 kwa maikrogramu na wengine chini ya 0.1. Kama seli zako ni T safi unaweza kupumua kidogo, ila kama kuna monosaiti au makrofeji humo, seli nyingine za kinga, basi endotoksini kidogo tu inazifanya zimwage TNF, saitokini ya uvimbe, na wewe utaandika kwenye tasnifu kwamba ni kazi ya saitokini yako. Nitarudi hapo.

Kuhusu kuingiza mzigo sina siri kubwa, ila ulizia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na wakala wako wa forodha kabla mzigo haujaondoka huko, sio ukiwa umeshatua. Mwambie muuzaji aambatanishe invoisi, orodha ya mzigo, karatasi ya usalama na barua fupi inayosema ni protini ya utafiti, haiambukizi, na imetoka kwenye nini, manake ofisa akiona neno binadamu kwenye boksi ana haki ya kuuliza. Na siku ya kutuma ni Jumatatu. Sisi mzigo wetu mmoja ulitua uwanja wa Julius Nyerere Ijumaa jioni, wikiendi ikapita, Jumatatu ikawa Idi, ukatoka Jumatano barafu kavu ilishakuwa hadithi. Bahati ilikuwa unga mkavu, na unga mkavu unavumilia siku kadhaa za joto bila shida kubwa, ndo sababu mimi siagizi iliyokuja ya maji hata wanipunguzie bei. Kalenda uipitie, Idi hutegemea mwezi na Sabasaba ni tarehe 7 Julai, hiyo angalau haihami.

Siku ya kufika

Boksi likifika andika tarehe, saa, namba ya loti, na hali ya barafu, piga picha. Kichupa kiende friza ya nyuzi -20 au -80 kama karatasi inavyosema. Usikifungue. Najua una hamu.

Siku ukiwa tayari, yaani bafa ya kuyeyushia ipo, tyubu zimeshaandikwa lebo, hudi (kabati la kufanyia kazi safi) imesafishwa, simu iko kimya, ndo unakitoa. Na hapa ndo Dar inapotudai chetu. Kichupa kimetoka -20, hewa ya hapa Februari ukiiminya inatoa maji, ukifungua papo hapo unyevu wote unakimbilia ndani kwenye unga. Kiache kimefungwa mpaka kifikie joto la chumba, dakika 20 hadi 30, kifute nje kikauke, tena kipitishe spiriti. Halafu hilo neno joto la chumba kwenye karatasi zao maana yake ni nyuzi 20 hadi 25, chumba chetu bila AC ni 31, kwahiyo kazi hii fanya kwenye chumba chenye AC na kama AC imekufa fanya asubuhi na mapema kabla jua halijapanda.

Sasa zungusha kwenye sentrifuji, dakika moja inatosha, spidi kama 3000 g au zaidi kidogo, ili unga ulionata kwenye kofia na kwenye kuta ushuke chini. Hatua hii ya dakika moja ndo dogo aliiruka. Ukimaliza kishike wima, usikigeuze kuangalia.

Kuyeyusha

Watu wengi mkono unaenda wenyewe kwenye maji au PBS, ile bafa ya chumvi. Kwa IL-2 ya bakteria karatasi nyingi zinataka asidi ya asetiki, milimola 100 mara nyingi, nyingine 10, soma ya kwako. Kwenye asidi inafunguka vizuri, kwenye PBS kavu kavu inaweza kujikusanya ukaona kama vumbi linaelea au usione kitu kabisa na seli zisiote. Lakini usiichukue hii kama sheria ya saitokini zote! IFN-gama inaharibika kwenye asidi kali, hiyo nenda na maji safi au bafa kama walivyoandika. Nimeona mtu kayeyusha vichupa vinne tofauti kwa asidi ileile kwa sababu alifundishwa na IL-2.

Asidi yenyewe ni rahisi. Ile nzito kabisa ina kama mola 17.4, kwahiyo kupata mililita 100 za milimola 100 unachukua mililita 0.57 unaiweka kwenye maji safi ya kama mililita 90, kisha unajaza mpaka 100. Asidi ndo inaenda kwenye maji, sio maji kwenye asidi, na fanyia kwenye hudi ya kemikali, ule mvuke unakata pua. Kuna aliyeniuliza kama siki ya dukani inafaa kwa kuwa nayo ni asidi ya asetiki, jamani ile iache na kachumbari. Ongeza albumini asilimia 0.1 kama ya kwenye kichupa haitoshi au haipo, halafu chuja kwa chujio la maikromita 0.22 *kabla* ya kukutana na saitokini. Ukishaichanganya usichuje tena, utakuwa unailisha chujio protini ya laki kadhaa.

Hesabu sasa, na hapa tusikimbie. Tuseme una maikrogramu 50. Weka maikrolita 500 za ile asidi yako, unapata maikrogramu 100 kwa mililita. Mimina taratibu kwa pembeni ya ukuta, zungusha kichupa kwa mkono kama unavyozungusha chai kwenye kikombe ili isimwagike, kiache dakika 15, zungusha tena. Hakuna voteksi, ile mashine ya kutikisa. Hakuna kupuliza mapovu kwa pipeti, povu ni protini imekufa juu ya maji. Pipeti nayo kama haijapimwa usahihi mwaka wa tatu huu, basi namba zote hizi ni mapambo.

Yuniti, pale wengi tunapopotea

Makala moja inasema nanogramu 10 kwa mililita, nyingine yuniti 50 kwa mililita, dogo anabaki kukodoa. Daraja kati ya hizo mbili liko kwenye cheti cha loti yako, wanaandika nguvu yake, yaani yuniti ngapi kwa kila miligramu. Ile dawa ya hospitali kwa mfano, yuniti milioni 18 ni miligramu 1.1, yaani kama milioni 16 kwa miligramu. Ya labu inaweza kuandikwa milioni 10, au zaidi, inategemea kiwanda na loti, kwahiyo usichukue hesabu ya mwenzio wa mwaka jana hata kama kichupa kinafanana rangi.

Twende na milioni 10. Maikrogramu 50 ni miligramu 0.05, zidisha, unapata yuniti 500,000 kwenye kichupa kizima. Umeyeyusha kwenye maikrolita 500, kwahiyo kila maikrolita moja ina yuniti 1,000. Sasa unataka mililita 10 za midia (maji ya kuoteshea seli) zenye yuniti 50 kwa mililita, jumla yuniti 500, yaani nusu maikrolita. Nani anapipeti nusu maikrolita akalala usingizi? Hakuna. Ndo maana tunatengeneza ya kati: maikrolita 20 za mama, yaani ile uliyoyeyusha kwenye kichupa, kwenye maikrolita 1,980 za midia yenye seramu, inakuwa yuniti 10 kwa maikrolita, na hapo mililita 10 za midia yako zinahitaji maikrolita 50 tu, hizo hata mkono unatetemeka utazipata. Midia lazima iwe na seramu au albumini, ukichanganya kidogo hivyo kwenye maji matupu plastiki itakunywa nusu. Na usihofu asidi, kwa uchache ule midia kama RPMI inaimeza, rangi haibadiliki hata.

Ya kati inakaa friji nyuzi 4 kama wiki moja, ikizidi mwaga.

Kugawa na kuweka

Usirudishe kichupa kizima friza halafu kila Jumanne ukakitoa kukiyeyusha. Kila kuganda na kuyeyuka kunaua sehemu ya protini. Siku hiyo hiyo gawa kwenye tyubu ndogo zisizonatisha protini, maikrolita 20 kila moja, unategemea tyubu 25 ila utapata 24 na kitu kwa sababu ncha za pipeti nazo zinakula. Moja ni yuniti 20,000, inatengeneza zile mililita 2 za kati, na hizo zinatosha mililita 400 za midia. Tyubu moja, kuyeyusha mara moja, ikibaki haigandishwi tena. Usigawe chini ya maikrolita 10, kitone kidogo sana kinaharibika haraka.

Lebo iwe na jina, nguvu, loti, tarehe na herufi zako, kwa kalamu isiyofutika na spiriti. Tyubu iliyoandikwa "IL" tu niliikuta friza ya sehemu fulani, IL ngapi hakuna aliyejua, ikatupwa.

Friza sasa. Isiwe ile inayojiyeyusha barafu yenyewe kama ya nyumbani, ile kila siku inajipasha moto kidogo ili barafu isijenge, na tyubu ya maikrolita 20 inayeyuka na kuganda bila wewe kujua. Nyuzi -80 ndo bora kwa kukaa miezi. Na umeme tunaujua wenyewe. Ukikatika usifungue mlango kwenda kuhakikisha kama bado kuna baridi, huo ndo ufunguaji unaoimaliza, friza ya -80 iliyojaa inashikilia masaa mengi ikiwa imefungwa, kwahiyo ijaze, hata kwa chupa za maji zilizoganda. Sisi tyubu tumezigawa friza mbili zilizo kwenye laini tofauti za umeme, tangu siku ambayo jenereta iliwaka vizuri kabisa lakini mafundi walikuwa hawajaunganisha soketi ya friza yetu kwenye laini ya jenereta. Tuligundua Jumatatu.

Kuipima kama iko hai

Wengi wanaruka hapa, wanaenda moja kwa moja kwenye jaribio kubwa, likikataa hawajui walaumu nini. Loti mpya ipime kwanza.

Unahitaji seli T za damu ya binadamu, na hapo kabla ya sindano kuna kibali cha maadili, cha kamati ya chuo chako au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kutegemea na kazi yenyewe. Kumwambia mwenzako wa ofisi "nipe mkono dakika mbili" haihesabiki kama ridhaa.

Seli T zilizolala hazijali IL-2 kidogo, kipokezi chake chenye kushika kwa nguvu hakijakamilika mpaka seli iamshwe, ule mnyororo wa alfa unaoitwa CD25 ndo unakosekana. Kikikamilika seli inasikia IL-2 ya kiwango cha pikomola kumi hivi, bila alfa inahitaji karibu mara mia. Kwahiyo ziamshe kwanza kwa PHA, kitu cha kuamshia seli T, siku tatu, zioshe vizuri PHA itoke, ziache zipumzike usiku mmoja bila IL-2, halafu zigawe kwenye sahani: sifuri, yuniti 1, 5, 25, na 100 kwa mililita, kila kiwango visima vitatu. Weka na safu ya asidi tupu kwa kiasi kilekile, asije mtu akakuuliza kama ni asidi ndo inafanya kazi. Siku ya tatu hesabu seli hai kwa tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu. Kwenye sifuri zinatakiwa ziwe zinakufa kufa, ukipanda kiwango idadi inapanda mpaka mahali inagoma kuongezeka, kule juu zinabanana kwa wingi.

Kwa wenye monosaiti na makrofeji, ile habari ya endotoksini niliyoahidi: chukua tyubu moja uichemshe nyuzi 95 nusu saa. Protini inakufa lakini endotoksini inavumilia moto. Ukiweka iliyochemshwa na seli bado zinamwaga TNF vilevile, basi sio saitokini yako inayofanya kazi ile, ni bakteria.

Na kama mstari umelala toka sifuri mpaka mia, usimpigie muuzaji bado. Mimi naangalia hivi: seli ziliamka kweli? Hadubini itakuonyesha vile vichaka vya seli siku ya pili ya PHA, kama hukuviona tatizo sio IL-2. Kisha hesabu za yuniti, rudia na mtu mwingine ambaye hajaona zako. Kisha yeyusha tyubu nyingine kutoka ile friza ya pili. Vyote vikiwa safi ndo unamwandikia muuzaji na namba ya loti, picha za boksi za siku ile, tarehe ya kuyeyusha na jina la bafa uliyotumia. Dogo wangu wa kofia alipata kichupa cha pili, akaja kunionyesha mstari wake unapanda, na kile kichupa cha kwanza bado kipo juu ya kompyuta yake, bila kofia.